Madaftari ya Fundi Mboni

Msimu wa sare za shule, kuanzia Desemba hadi katikati ya Januari, foleni ya kwa Mboni Sadalla ilianzia barazani ikakunja kona ya Mtaa wa Sikukuu, na wazazi walikubali kusimama. Si kwamba mafundi walikuwa haba. Kariakoo nzima ilijaa vyerehani, vingine vya umeme, vinavyoenda kama vinafukuzwa. Lakini kwa Mboni watoto walitaka kwenda wenyewe. Mtoto aliyezimia kwa kilio kwa fundi mwingine, kwake alisimama wima kama askari.

Alikuwa na namna yake. Hakumkamata mtoto begani na kumgeuza kama gunia la mkaa. Alimwacha kwanza asimame, amtazame, azoee. Kisha alimtupia swali la kipuuzi: "Hivi wewe na hii kaptula, nani kamvaa mwenzake?" Mtoto alipocheka, mabega yakashuka, ndipo Mboni alipopitisha futi. Mabega ya mtoto mwenye hofu, alisema, hudanganya kwa inchi nzima.

Vipimo aliviandika kwenye kauntabuku, daftari nene la jalada gumu. Miaka ya mwanzo aliandika namba tupu, ila mwaka mmoja wakamjia akina Neema watano kwa siku moja, sketi zikachanganyika, na Neema mwembamba akaenda shule amevaa hema. Tangu hapo akawa anaongeza alama pembeni ya jina: Neema wa pengo. Neema anayeimba peke yake. Alama ikawa sentensi, sentensi ikaota nyingine, na Mboni akajikuta kila mtoto anamwandikia mistari minne, mitano: amesimamaje, amesema nini, kaja na nani, kabadilika vipi tangu mwaka jana. Kila mwaka kauntabuku moja. Alipofika umri wa miaka hamsini na mbili alikuwa nazo ishirini na tatu, amezipanga kwenye sanduku la bati chini ya meza ya kukatia. Hakuliona jambo hilo kuwa la maana. Ilikuwa tabia tu, kama mtu mwingine anavyopiga mluzi akiwa kazini.

Baraza lilikuwa la Heriel, Mchaga wa Machame aliyeuza vitambaa vya sare kwa majora, ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi, jina la machifu wa kwao. Yeye akiuza kitambaa ndani, Mboni akishona nje, na ujirani huo ulidumu bila ugomvi. Mangi alikuwa mtu mwenye sauti kubwa na moyo mwema, na hakujua kukaa. Mkewe aliendesha duka la pili Mbagala. Walikuwa na mabinti wawili, Evelyn aliyekuwa chuo kikuu akisomea ualimu, na Joyceline, kitinda mimba, aliyekuwa shule ya msingi.

Evelyn ndiye aliyemletea Mboni vitabu. Hakukusudia. Likizo alikuja kusomea barazani kwa sababu palikuwa na upepo, na alikuja na mavitabu manene ya saikolojia ya makuzi, ya Kiingereza, aliyoyakariri huku amefumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Mwanangu, unamwomba nani dua?" Mboni alimuuliza siku moja.

"Najisomea, anti. Mtihani wa makuzi ya mtoto. Haviingii kabisa."

"Hebu niambie mimi, labda vitaingia."

Evelyn akafungua ukurasa. "Haya. Kitabu kinasema mtoto wa miaka mitano, ukimimina maji kutoka bilauri fupi nene kwenda bilauri ndefu nyembamba, anaamini maji yameongezeka. Mpaka afike miaka saba, minane, ndipo anajua ni yale yale."

Mboni akakata uzi kwa meno. "Na hilo limeandikwa kitabuni?"

"Limefanyiwa utafiti, anti."

"Mbona muuza juisi ya miwa pale Msimbazi analijua tangu zamani? Unafikiri kwa nini bilauri za watoto ni zile ndefu?"

Evelyn alicheka mpaka kitabu kikamponyoka. Lakini kesho yake alirudi na ukurasa mwingine. Kitabu kilisema watoto wadogo, wakijifunza jambo gumu, hujisemesha kwa sauti ili kujiongoza, na sauti hiyo baadaye huzama ndani na kuwa fikra. Mboni aliinama, akavuta sanduku la bati, akapekua, akatoa kauntabuku ya mwaka 2011.

"Soma hapo."

Evelyn akasoma. "Mudi wa Feri, miaka sita. Anafunga vifungo mwenyewe, anaviambia: wewe hapa, wewe pale, wewe ngoja kwanza." Mboni akampa la mwaka uliofuata. "Mudi anafunga vifungo, midomo inacheza, sauti haitoki." Akampa la mwaka wa tatu. "Mudi. Midomo imetulia. Anafunga huku anaangalia magari."

Evelyn akainua macho. "Anti, hii ndiyo sura ya sita nzima."

"Mimi nimeona vifungo tu, mwanangu."

Tangu hapo wakawa na darasa lao. Evelyn alitafsiri, Mboni akakubali au akabisha. Alipenda vitabu vile, na alivigombeza pia. Mtoto wa kitabuni alikuwa na chumba chake, kitanda chake, na mama mmoja tu wa kumwangalia. "Huyu halali na bibi yake?" Mboni aliuliza. "Hana mdogo wa kubeba mgongoni? Shangazi hamtumi dukani?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi hakijamaliza."

Evelyn aliacha kukariri. Kila nadharia aliitafutia mtoto wake ndani ya sanduku la bati, na mtihani ulipokuja alikuwa anawaona wale watoto wamepanga foleni mbele ya karatasi. Alipata alama A, ya kwanza maishani mwake.

Mambo yalibadilika mwaka ambao Joyceline alikuwa darasa la saba. Msichana aliyekuwa akiruka kamba barazani alikuwa amerefuka ghafla, amenyamaza, na maksi zake zimeporomoka. Siku matokeo ya majaribio yalipotoka, Mangi aliyafungua pale pale dukani, wateja wakiwa wamejaa.

"Nimelea mtoto au nimelea gogo?" alifoka, karatasi mkononi. "Wa thelathini na nane! Wewe, uliyekuwa wa pili! Na ukiulizwa unanuna. Basi sikiliza. Jumatatu unapanda basi, unaenda bweni Moshi kwa masista. Huko watakunyoosha."

Joyceline alitazama sakafu. Wateja wakajifanya wanachagua vitambaa.

Mboni alisimamisha cherehani. Alingoja wateja wapungue, kisha akachomoa kauntabuku saba, akaingia dukani na kuziweka juu ya jora la bluu.

"Mangi, kaa."

"Fundi, sina muda wa kukaa."

"Miaka ishirini sijawahi kukuomba ukae. Leo kaa."

Heriel akakaa juu ya kigoda, kwa mshangao zaidi kuliko utii. Mboni alimfungulia kila kauntabuku palipokuwa na kipande cha kitambaa alichotia kama alama, naye Mangi akasoma kwa sauti yake nene, kidole kikifuata mstari.

"Joyceline wa Mangi, darasa la kwanza, miaka saba. Amemshika baba kidole muda wote wa kupimwa. Nilipotaka anyooshe mkono ule, akakishika kwa mkono mwingine, hakuachia." Heriel akatabasamu. Akachukua la pili. "Amehesabu vifungo vyote vya kopo langu, mia mbili na kumi. Amemwita baba. Baba amekuja, wamehesabu tena wote."

"Hili nalikumbuka!" alisema. "Vilikuwa mia mbili na tisa."

"Endelea."

Darasa la tatu alikuwa na homa, alipimwa amekaa. Darasa la nne: "Amemwita baba aje aone marinda. Baba yuko kwenye simu. Amezunguka peke yake mbele ya kioo, kisha akavua." Darasa la tano: "Ameota inchi mbili na nusu. Mikono ameikunja kifuani, ameniomba baba asogee mbali. Baba amecheka, amesema mbele ya wateja: unaficha nini, katoto kama wewe? Tumepima haraka haraka. Swali langu hajalijibu." Sauti ya Heriel ilikuwa imeshuka. Darasa la sita: "Inchi tatu na nusu. Amekunja mgongo asionekane mrefu. Ameomba shati kubwa kuliko lake. Leo sauti yake sijaisikia."

La saba alilisoma kimoyomoyo, na Mboni, aliyelijua, hakumhimiza. Lilisema: "Amekuja peke yake. Nimemuuliza baba yuko wapi, amesema yuko dukani. Duka liko hatua nne kutoka hapa."

Nje mkokoteni ulipita, mwenye nao akipiga kelele za kuomba njia. Heriel alifunga kauntabuku polepole.

"Mimi nilisema vile? Mbele ya watu?"

"Ulisema, Mangi. Hukuwa na nia mbaya. Ila mtoto wa umri ule mwili umemtangulia mbio, na yeye anaukimbiza nyuma. Anadhani kila jicho la Kariakoo linamtazama yeye. Hata vitabu vya Evelyn vinasema. Ukimwaibisha hapo, akili yote inakaa kulinda ile aibu. Hesabu ziingilie wapi?"

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Sijasema kosa. Nimesema hatua nne."

Jumatatu basi la Moshi liliondoka bila Joyceline. Yaliyosemwa baina ya baba na binti Mboni hakuyasikia, ila wiki ile Joyceline alikuja barazani, akasimama karibu na cherehani akichezea bobini ya uzi. "Anti, baba ameniomba radhi," alisema. "Sikujua watu wazima huwa wanaomba." Haikuwa miujiza. Kwa mwezi mzima bado alimjibu baba yake neno moja moja. Lakini Heriel alijifunza kushusha sauti, jambo lililowashangaza hata wachukuzi, na akajifunza kuuliza swali kisha akanyamaza akasubiri. Kidogo kidogo msichana akarudi. Akaanza kukaa dukani jioni, akisoma juu ya meza ya kukatia vitambaa, akimuuliza baba yake mambo ya asilimia, ambayo Mangi aliyajua kuliko mwalimu yeyote. Mtihani wa mwisho aliufaulu vizuri. Siku ya matokeo alipita barazani mgongo umenyooka, mrefu kuliko mama yake, na Mboni akampigia kigelegele kilichovuta watu kutoka mtaa wa pili.

Ndipo Heriel alipomgeukia. "Fundi, haya madaftari unayangojea nini? Kile ulichonisomesha mimi siku ile, ningekisoma mapema, nisingempoteza mwanangu miaka mitatu. Andika kitabu."

"Mimi? Wa darasa la saba?"

"Kwani nani mwingine anayo?"

Walianza mwezi uliofuata, Mboni na Evelyn. Mboni alisimulia akishona, Evelyn akapiga chapa, kisha wakabishana. Mboni alikuwa na sharti moja: kila sentensi ieleweke na mama anayemenya vitunguu. Evelyn akiandika neno gumu la chuoni, Mboni alisema, "Huyo mama kashajikata kidole. Andika upya." Majina ya watoto wote walibadilisha, na hata hivyo Mboni hakuridhika. Alifunga safari kuwatafuta wazazi, mmoja mmoja, awaombe ruhusa. Alitafuta Magomeni, nyumba kwa nyumba, akavuka kwa kivuko kwenda Kigamboni mara tatu. Kule Feri, sokoni, alimkuta mama yake Mudi akikaanga samaki, jasho linamtiririka.

"Andika tu, dada," mama Mudi alisema. "Ila usiseme alikuwa anakojoa kitandani. Ana mchumba sasa."

"Hilo mbona sikulijua?"

"Basi na mimi sijasema."

Mwaka ulipita kabla hawajamaliza. Kitabu wakakiita *Mtoto Hakui kwa Kalenda*. Mboni alivaa baibui lake jipya, akapeleka muswada kwa wachapishaji fulani mjini, akiwa ameubeba kifuani kama kichanga.

Mhariri, kijana mpole aliyeitwa Benjamini, aliusoma kwa wiki sita, kisha akamwita. Alisema ni muswada mzuri sana. Kisha akakohoa.

"Mama, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Unaona, hiki ni kitabu cha saikolojia. Msomaji anataka jina zito. Tumezungumza na Dokta Zakayo, mhadhiri mkubwa wa mambo haya, yuko tayari jina lake likae kwenye jalada. Lako tutaliweka ndani, kwenye shukrani, kwa herufi nzuri kabisa."

"Huyo dokta amewahi kumpima mtoto yupi humu?"

Benjamini alitazama meza. "Ndiyo utaratibu wa vitabu, mama."

Mboni akanyoosha mkono. "Nipe muswada wangu, mwanangu."

Alitembea kwa miguu toka mjini hadi Kariakoo, na njia nzima alijiona mjinga. Fundi cherehani kajivika kilemba cha ukoka, alijiambia. Kwa wiki tatu alipima watoto akaandika namba tupu, kiuno, urefu, bega, na pembeni pakabaki peupe. Evelyn alipofungua kauntabuku na kuona vile, alikasirika kama ametukanwa yeye.

"Anti, daftari la kwanza kabisa, nani alikupa ruhusa ya kuliandika?"

"Hakuna."

"La pili?"

Mboni akatikisa kichwa.

"Basi na hiki hatuombi ruhusa kwa mtu."

Heriel alikuwa na rafiki mwenye mitambo ya kuchapa kalenda na kadi za harusi karibu na Mnazi Mmoja. Mzee huyo alikuwa na wajukuu tisa. Alianza kusoma kurasa za kwanza ili apange herufi, akaishia kufunga ofisi mapema ili amalize. Nakala mia tatu zilitoka wiki ya kwanza ya Desemba, jalada la kijani, na juu yake jina moja tu: Mboni Sadalla.

Ziliwekwa juu ya kaunta ya Mangi, msimu wa sare ukiwa umechacha. Wazazi waliokuwa kwenye foleni walianza kwa kujipepea nazo. Kisha wakafungua. Foleni ikawa kimya kwa namna ambayo Mtaa wa Sikukuu ulikuwa haujawahi kuijua. Mama mmoja alisoma amesimama mpaka zamu yake ikampita, akaambiwa, akasema pita tu. Baba mmoja, dereva wa lori, alikaa kwenye ngazi akasoma sura ya watoto wanaonyamaza, kisha akampigia simu mwanawe wa kiume pale pale, akamuuliza tu habari za siku. Shule zilipofunguliwa hapakuwa na nakala hata moja, na mitambo ya Mnazi Mmoja ilikuwa imewashwa tena.

Walimu wakuu wakaanza kukiulizia. Mwezi Aprili ukaja mwaliko: mkutano wa walimu wa shule za msingi, ukumbi mmoja huko Ilala, watu mia mbili na zaidi. Mwandishi aje akizungumzie kitabu chake. Na chini ya barua: mchambuzi atakuwa Dokta Zakayo.

"Usiende," alisema Heriel. "Watakudhalilisha."

"Nitaenda," alisema Mboni. "Na sanduku langu."

Heriel mwenyewe alilibeba sanduku la bati begani, akakataa msaada wa wachukuzi, akaliweka jukwaani mbele ya watu wote. Mboni aliketi kando yake. Dokta Zakayo alikuwa mzee mwenye mvi na sauti ya taratibu, na hakuwa mtu wa matusi, jambo lililomfanya awe wa kutisha zaidi.

"Nimekisoma kitabu hiki mara mbili," alisema. "Kimeandikwa kwa Kiswahili kitamu. Lakini, walimu wenzangu, simulizi tamu si ushahidi. Mtu akimkumbuka mtoto aliyemwona miaka kumi na tano iliyopita, hukumbuka anachotaka kukumbuka. Sote tuko hivyo. Tutajuaje kwamba mama yetu hakujitungia?"

Minong'ono ikapita ukumbini. Evelyn, aliyekaa mstari wa mbele na mdogo wake, alimshika Joyceline mkono. Mboni alisimama.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mama."

"Umesema kweli tupu. Mimi mwenyewe sikumbuki. Watoto ni wengi mno, na kichwa changu ni cha kawaida. Ndiyo maana niliandika, siku ile ile, mtoto akiwa bado amesimama." Akafungua kifuniko cha sanduku. "Ni haya hapa yote. Chagua unalotaka, fungua popote."

Dokta akavaa miwani. Akainama, akachukua moja katikati, akageuza kurasa. Mboni alitaka kumwambia asitaje majina, lakini mzee alikuwa ameshaanza.

"Januari tisa, mwaka 2009. Chiku, darasa la pili, miaka minane. Mama anasema hajui kusoma, anataka amtoe shule amweke nyumbani. Nimempa kitambaa, nimemwambia akate nusu, kisha robo, kisha robo ya robo. Amekata sawasawa bila kupima. Nimemwambia mama: kichwa hiki kinafanya kazi, mwache apitie mikononi kwanza, herufi zitafuata. Kiuno, inchi ishirini na mbili."

Alikuwa anataka kugeuza ukurasa wakati kiti kilipokwaruza sakafu huko nyuma. Mwanamke kijana alikuwa amesimama, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili.

"Samahani," alisema, kisha akaongeza sauti. "Samahani, Dokta. Huyo Chiku ni mimi. Sikujua kama yaliandikwa popote. Najua tu kwamba siku ile mama alinunua sare, wakati asubuhi tulitoka nyumbani akiwa amesema anakwenda kumuuzia fundi ile ya zamani. Kusoma nilikuja kujua darasa la nne. Sasa nafundisha hesabu, mwaka wa pili huu, na hesabu za sehemu nawafundisha kwa kukata vitambaa. Sikujua mbinu hiyo nimeitoa wapi."

Ukumbi ukalipuka. Walimu walisimama, wengine wakipiga meza, wanawake wakapiga vigelegele, na mtu mmoja akaanza wimbo ambao wote waliujua. Chiku alikuja mbio kati ya viti akamkumbatia Mboni, na Mboni, aliyeapa hatalia mbele ya watu wa vyuo, alilia kwa sauti. Kando ya jukwaa Heriel alikuwa ameficha uso kwenye leso kubwa kama kitambaa cha meza.

Dokta Zakayo hakukaa. Aliendelea kufungua, daftari baada ya daftari, akimfuata mtoto mmoja kutoka mwaka hadi mwaka, kana kwamba kelele zile hazimhusu. Zilipotulia, alivua miwani.

"Nimesomea watoto miaka thelathini," alisema. "Sijawahi kumfuata mtoto mmoja kwa miaka saba mfululizo. Sikuwa na subira hiyo, na hakuna aliyenipa fedha ya kuwa nayo. Mama huyu anao mamia." Akafunga daftari alilokuwa ameshika. "Kuna jambo jingine lazima niliseme. Nilipigiwa simu nikaombwa nitie jina langu kwenye jalada la kitabu ambacho sikukiandika, na nikakubali. Mwenye kitabu alinikatalia. Namshukuru. Ameniokoa na aibu ambayo nisingeweza kuifuta."

Akamgeukia Mboni, akampa mkono mbele ya wote, na akainamisha kichwa.

Benjamini alipiga simu wiki iliyofuata. Alizungumza kwa adabu nyingi, akasema wangependa kutoa chapa mpya, isambae mikoani kote, jina la mwandishi likiwa moja tu, kubwa kadiri atakavyo yeye. Mboni alimwambia atafikiri. Alifikiri siku nne, kwa raha zake, kisha akakubali.

Na chuo cha ualimu kikamwandikia. Kitabu kimeingizwa katika orodha ya vitabu vya somo la makuzi ya mtoto, barua ilisema, na wanachuo wangependa kufundishwa sura mbili za mwanzo na mwandishi mwenyewe.

Siku yenyewe alifika mapema, akaonyeshwa ukumbi wa darasa, akasukuma mlango. Ndani walikuwamo walimu watarajiwa mia tatu, kila mmoja na nakala ya kijani mezani. Viti vikalia kwa pamoja. Wote walisimama.

"Shikamoo, mwalimu!"

Mboni aligeuka nyuma aone ni nani ameingia. Nyuma yake mlango ulikuwa mtupu. Akasimama pale kidogo, jambo likimwingia taratibu, kisha akanyoosha kilemba chake, akatembea mpaka mbele ya darasa.

"Marahaba, wanangu," alisema. "Kaeni. Tuna kazi."